Tembe la bibi pale Kijitonyama

Jamani, ndo nimefika nyumbani, miguu inauma.

Leo niliwapeleka watoto wa dada Kijiji cha Makumbusho, pale barabara ya Bagamoyo. Baba yao Mhaya, sisi Wagogo, wao watoto wa Dar. Daladala zinapita nje hapo kila siku na hawakuwahi kuuliza kuna nini ndani.

Pamekuwepo tangu 1966. Nyumba za asili za makabila mbalimbali, zimejengwa kwenye kiwanja kimoja.

Msonge wa Kihaya ukawachanganya: nyasi kuanzia kileleni hadi chini, ukuta huuoni.

Kisha tukafika kwenye tembe, nyumba ya kwetu Wagogo.

Yule mdogo akainama mlangoni, akarudi akiangalia juu. "Mamdogo, mbona wameweka udongo juu ya paa?"

Nikamwambia kwetu mvua ni chache na jua ni kali. Miti, fito, udongo juu, ndani panapoa. Ng'ombe nao walilala humo humo.

Akacheka sana hapo kwa ng'ombe. Halafu akaweka kiganja ukutani, akakiacha hapo. "Ni baridi!"

Nimewaza Dodoma. Makao makuu tangu uamuzi wa 1973, na bado tunapandisha majengo ya vioo halafu tunanunua viyoyozi. Wasanifu wetu wangepita hapa kwanza, kiingilio nawalipia mimi 😂

Haya, nyie wa Songea, Tanga, Bukoba, Pemba: nyumba ya bibi ilijengwaje? Mwenye picha aiweke hapa, watoto wanasubiri.