Visanduku 2,000

Jumapili, usiku.

Dada yangu alikuja jana jioni na bahasha mkononi. Alikuwa amepimwa ugonjwa ambao hana dalili yake hata moja, uchunguzi wa kawaida tu wa afya, na majibu yakarudi chanya. Akaketi, akaniambia: "Wewe ndiye mtu wa mahesabu. Wameniambia kipimo chenyewe ni sahihi kwa asilimia 95. Basi ninao kwa asilimia 95, sivyo?"

Nikamjibu, "Inaelekea hivyo, dada."

Nina miaka mingi nikitatua maswali ya uwezekano kwa kupenda tu, daftari likijaa nafungua jingine. Swali la aina hii nimeshakutana nalo mara nyingi kitabuni na silikosi. Lilipokuja kupitia kinywa cha dada yangu nikalikosa, nikamwona anashusha macho na kuanza kuikunja ile bahasha, mara mbili, mara nne. Naanza na hili kwa sababu ndilo linaloniuma hadi sasa.

Akili ilinirudia nilipokwenda kumletea maji. Asilimia 95 ya nani?

Nikarudi na karatasi ya grafu. Nikachora mstatili wa visanduku 50 kwa 40, jumla 2,000, na kila kisanduku kikawa mtu mmoja aliyepimwa kama yeye, bila dalili. Tuchukulie, nikamwambia, kwamba katika watu 100 wa namna hiyo mmoja ndiye mwenye ugonjwa. Namba hiyo niliiweka kwa mfano tu, nikamweleza hivyo waziwazi. Basi wagonjwa ni 20. Nikavipaka wino mwekundu visanduku 20 pembeni kabisa. Vilijaza nusu tu ya safu moja, na karatasi yote iliyobaki ilikuwa nyeupe. Kipimo kinawakamata 19 kati ya hao na kumkosa mmoja. Wazima wamebaki 1,980. Kama kwao pia kinakosea kwa asilimia 5, kinawasingizia watu 99.

Hao 99 tukawatia nukta kwa penseli, mmoja mmoja, tukihesabu kwa sauti. Kazi ya kuchosha. Tulipofika kama 60 dada akanipokonya penseli, akaendelea mwenyewe, akizitawanya nukta zake huku na huku kwenye ule weupe. Alipomaliza hakuwa na haja ya kuelezwa. Nukta zilikuwa zimeenea karatasi nzima, na ule wekundu ulikuwa kipande kidogo kwenye kona. Wote waliopata chanya ni 19 na 99, yaani 118. Wenye ugonjwa kweli ni 19 kati ya 118, kama asilimia 16.

"Siyo 95?"

"Siyo, dada. Ile 95 inasema katika wagonjwa kipimo kinawaona wangapi. Wewe unauliza katika walioonwa na kipimo wagonjwa ni wangapi. Hayo ni maswali mawili."

Sikutaka aondoke na 16 kana kwamba ni ahadi. Nikamwonyesha kwamba kama ugonjwa ungekuwa wa mtu mmoja kati ya 10, wagonjwa wangekuwa 200, kipimo kingewakamata 190 na kuwasingizia wazima 90, na chanya ya kweli ingekuwa 190 kati ya 280, karibu asilimia 68. Kipimo ni kilekile, usahihi ni uleule. Kilichobadilika ni watu waliosimama mbele yake. Njia hii ya kurudi nyuma, kutoka kwenye majibu hadi kwenye chanzo chake, inabeba jina la Thomas Bayes, kasisi wa Uingereza aliyefariki mwaka 1761. Insha yake ilichapishwa miaka miwili baadaye. Jana hatukuhitaji kanuni yake. Visanduku vilitutosha, na naamini kwa watu wengi visanduku ni bora kuliko kanuni, maana kila mtu anaweza kuvihesabu upya akiwa na shaka.

Leo mchana nimeshinda nikipekua madaftari yangu ya zamani. Nilitaka kujua nimekuwa nikikosea wapi miaka yote hii. Kuzidisha nakosea mara chache. Kujumlisha pia. Karibu kila kosa lenye alama ya X limetoka mahali pamoja: nimegawanya kwa namba isiyohusika. Shuleni tulifundishwa kwamba katika sehemu namba ya juu inaitwa kiasi na ya chini inaitwa asili. Nilikariri majina hayo bila kuyasikiliza. Asili! Pale kitu kinapotoka. Kiasi wote tunakiona, kinapiga kelele. Asili hukaa chini kimya, na swali zima hutegemea umeichagua ipi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa kusubiri basi. Tuseme mabasi yanapita kwa kupokezana nafasi: dakika 5, halafu dakika 15, halafu 5, halafu 15. Wastani wa nafasi ni dakika 10, kwa hiyo mtu anayefika kituoni bila kuangalia saa angetarajia kusubiri dakika 5. Nilijibu hivyo, kwa kalamu, bila hata kufuta. Lakini abiria hafiki ndani ya "nafasi" fulani iliyochaguliwa kwa haki. Anafika ndani ya dakika. Katika kila dakika 20, dakika 15 ni za nafasi ndefu. Mara tatu kati ya nne ataangukia kwenye nafasi ndefu na kusubiri wastani wa dakika saba na nusu. Mara moja tu ataangukia kwenye fupi na kusubiri mbili na nusu. Ukikokotoa unapata dakika 6 na robo. Kwa hiyo anayelalamika kwamba kila akifika kituoni basi linachelewa, hana kisirani wala hatii chumvi. Anapima kwa dakika zake, na ratiba inapima kwa mabasi.

Madarasa ni hivyohivyo. Darasa moja lina wanafunzi 10, jingine 90. Mwalimu mkuu anasema wastani ni 50 na hasemi uongo. Waulize wanafunzi wote 100 darasani mwao mko wangapi, uchukue wastani wa majibu: 82. Wengi wao wako kwenye lile lililojaa.

Swali la siku za kuzaliwa nililikosa pia, zamani. Watu 23 chumbani, uwezekano wa wawili kuzaliwa tarehe moja unazidi nusu kidogo, karibu asilimia 51. Mimi niligawanya 23 kwa 365 nikaridhika. Niliwahesabu watu, na swali lilikuwa la jozi: watu 23 wana jozi 253.

Nimefarijika kidogo kuona kwamba hata wakubwa waligombana juu ya asili. Mwaka 1654 Pascal na Fermat, wanahisabati wa Ufaransa, waliandikiana barua kuhusu wachezaji wawili waliokatiza mchezo kabla haujaisha: fedha zigawanywe vipi? Chukua mchezo wa kutangulia kupata ushindi wa raundi tatu, mmoja, tumwite A, ana mbili, mwenzake, B, ana moja, na nguvu zao ni sawa. Mtu anaweza kusema tugawane mbili kwa moja, kwa kuwa ndivyo walivyoshinda. Kumbe kilichopita si hoja. Hoja ni njia zilizobaki mbele. Raundi mbili zaidi zingemaliza ubishi, nazo zina matokeo manne: AA, AB, BA, BB. Aliyetangulia anashinda katika matatu, basi achukue robo tatu. Roberval, mwanahisabati wa wakati wao, alipinga: kwa nini mhesabu raundi ya pili ilhali A akishinda ya kwanza mchezo umekwisha? Pingamizi lake ni la maana na nililifikiria muda mrefu. Ukihesabu AA na AB kama tokeo moja unabaki na matokeo matatu, lakini hayana uzito sawa: la kwanza peke yake lina uzito wa nusu. Ndipo asili inapoharibika, ukiweka vitu visivyolingana kwenye rundo moja na kuvihesabu kama ndugu.

Narudi kwa dada. Atapimwa tena Alhamisi. Tulikadiria hilo pia, juu ya karatasi ileile: kati ya wale 19 wa kweli, 18 hivi watapata chanya tena, kati ya 99 waliosingiziwa, kama 5. Basi akipata chanya mara ya pili itakuwa 18 kati ya 23, karibu asilimia 78, mradi makosa ya vipimo viwili hayategemeani. Kama kuna kitu mwilini mwake kinachokidanganya kipimo kila mara, hesabu hiyo haisimami.

Aliitazama karatasi kwa muda. "Na mimi ni kisanduku kipi?"

Nilimwambia sijui. Kwamba hesabu inafika hadi kwenye wale 118 na kusimama hapo. Hakukasirika. Alisema afadhali kuwa kati ya 118 kuliko kuwa peke yake na bahasha.

Kisha akaigeuza karatasi, na nyuma yake, kwa ile kalamu nyekundu, akaandika swali la kumpelekea daktari: "Kati ya watu kama mimi, wa umri wangu, wasio na dalili, wenye ugonjwa huu ni wangapi?" Akapigia mstari maneno "kama mimi". Akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya bahasha pamoja na majibu.