Stakabadhi ndani ya sanduku la bibi

Leo nimefungua sanduku la bati la marehemu bibi hapa Tabora. Chini kabisa, ndani ya kitambaa, nimekuta stakabadhi ya kodi ya mwaka 1927 yenye jina la babu yake. Nimekaa sakafuni nayo muda mrefu.

Shuleni tulikariri kwamba baada ya Vita Kuu Mjerumani aliondoka, Uingereza ikakabidhiwa nchi na Shirikisho la Mataifa, na mwaka 1920 ikaitwa Tanganyika. Byatt akawa gavana wa kwanza, kisha mwaka 1925 akaja Cameron na utawala wake wa kupitia machifu. Kwenye karatasi za Shirikisho hilo huko Geneva tulikuwa watu wa kulelewa mpaka tuweze kujitawala. Nani alimuuliza babu yake bibi?

Kwake yeye serikali ilikuwa karani, mhuri na kikaratasi hiki. Alikitunza kwa sababu bila hicho ungeweza kukamatwa. (Kiswahili kiliendelea kutumika ofisini tangu enzi za Mjerumani, hilo nalishukuru.)

Jamani, kama mna wazee, waulizeni leo. Mimi bibi sikumuuliza, na inaniuma sana.