Runinga ilivyonichelewesha kwenye gemu, na nilivyotatua

Chumba changu hapa Nkuhungu, Dodoma, ni kidogo: kitanda, meza, na runinga ya inchi 43 aliyoniachia kaka. Nilipoiunga kwenye kompyuta nikajua nimelamba dume. Wapi! Kwenye gemu la mpira nabonyeza shuti, mchezaji anapiga nikiwa nimeshanyang'anywa. Maandishi yana ukungu, kingo za picha zimekatwa.

Nililaumu kadi ya picha, nikalaumu waya wa HDMI, nikanunua mwingine bure. Kumbe runinga ilikuwa inalainisha kila picha kabla ya kuionyesha, na hapo ndipo muda unapopotelea. Nikawasha hali ya gemu kwenye menyu yake, inayopunguza huo ulainishaji. Tundu la HDMI nikalibadili jina kuwa PC, maandishi yakanyooka. Kingo zilirudi nilipozima ukuzaji wa picha.

Mpira ukachezeka. Gemu za risasi bado: runinga ile ni ya hezi 60, yaani picha 60 kwa sekunde, picha mpya kila milisekunde 16.7, nami nakaa karibu nayo mno, shingo inazunguka kama feni. Nikajibana, nikachukua monita ya mtumba ya inchi 24, hezi 144, yaani milisekunde 7 hivi. Siku ya kwanza sikuona tofauti, nikadhani nimepigwa. Windows ilikuwa imeiacha kwenye 60! Nikaingia mipangilio ya skrini, nikaweka 144.

Monita haina spika, navaa hedifoni. Runinga imerudi ukutani, inasubiri mechi za Dodoma Jiji.