Jinsi nilivyofuatilia fungu la kuzuia tumbaku katika bajeti ya kaunti

Mwaka wa kwanza nilikwenda mwezi wa Mei, na hapo ndipo nilipokosea. Mkutano wa kupokea maoni ya wananchi kuhusu bajeti ulifanyika katika ukumbi mmoja huku Likoni, Mombasa, nami, mwalimu mstaafu, nikasimama kueleza jinsi watoto waliovaa sare za shule wanavyonunua sigara moja moja kwenye vibanda vilivyo mkabala na lango lao, ilhali Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18 na kuuza sigara nje ya pakiti yake. Nilipigiwa makofi mengi. Tulipotoka, ofisa mmoja alinivuta kando akaniambia kwa upole, "Mwalimu, hoja yako ni ya haki, lakini vitabu vimekaribia kufungwa na kila shilingi imeshapewa jina."

Nilikaa na kauli ile usiku kucha, kisha nikaanza kuisoma Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 kama nilivyokuwa nikisoma silabasi. Bajeti haizaliwi Mei. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha hufuata kufikia tarehe 28 Februari, makadirio yenyewe tarehe 30 Aprili, na mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Anayetaka jambo liingie kitabuni sharti abishe hodi Agosti, karibu mwaka mzima kabla ya senti ya kwanza kutumika.

Agosti iliyofuata nilivuka feri nikiwa na waraka wa kurasa mbili. Jibu la kwanza nililopewa ni kwamba tumbaku ni shauri la Nairobi, kwa kuwa sheria ile ya 2007 iliunda mfuko maalumu wa taifa. Nilikuwa nimejiandaa. Ni kweli kwamba kanuni za 2014 zinawataka watengenezaji na waagizaji wachangie mfuko huo asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zao, na kwamba kampuni ya sigara ya BAT ilizipinga kanuni hizo hadi Mahakama ya Juu ilipoitupa rufaa yake Novemba 2019. Lakini Jedwali la Nne la Katiba linazikabidhi kaunti huduma za afya, na bwana afya anayepaswa kukikagua kibanda cha mtaani kwetu ni mwajiriwa wa kaunti. Mfuko wa Nairobi haumzuii mtu wa Mombasa kuomba fungu lake.

Jambo lililonifunza zaidi lilitoka mbali. Mwaka 1998 majimbo 46 ya Marekani yaliafikiana na kampuni kubwa za sigara kwamba zitayalipa mabilioni ya dola mwaka baada ya mwaka, ila mapatano hayo hayakuyalazimisha kuzitumia fedha hizo kuzuia uvutaji, na sehemu kubwa ikaishia kuziba mapengo mengine ya bajeti. Basi nikaapa kwamba ombi letu halitaingizwa chini ya "uhamasishaji wa afya", maana neno hilo ni pana kama bahari na lolote humezwa humo. Tuliandika kazi kwa majina yake: ukaguzi wa maduka yaliyo karibu na shule, mafunzo kwa mabwana afya, mabango ya kukataza uvutaji katika maeneo ya umma, na ushauri kwa wanaotaka kuacha, wakiwemo watafunaji wa tumbaku ya tambuu, ambao mara nyingi tunawasahau.

Februari nilipoupata waraka wa mkakati, mstari wetu ulikuwa umekwisha kumezwa, vilevile nilivyohofia. Sikufoka. Nilimwendea mwakilishi wetu wa wadi, kijana niliyemfundisha hesabu, nikamwekea mbele kurasa mbili za nyaraka, ule wa mpango wa Septemba uliokuwa na mstari wetu na huu mpya, nikanyamaza. Alisoma mara mbili, kisha akasema, "Mwalimu, hili niachie mimi, lakini uje mwenyewe mbele ya kamati." Nilikwenda pamoja na akina mama wawili wahamasishaji wa afya ya jamii, nao ndio walioisadikisha kamati kuliko mimi, kwa kuwa wao huingia majumbani.

Makadirio ya Aprili yalirudisha mstari wetu, kwa kiasi kisichofika nusu ya tulichoomba. Fedha zenyewe zilichelewa, kwani kaunti husubiri mgao kutoka Hazina ya Kitaifa, na mgao huo hauji kwa saa. Zilipofika, mafunzo yalifanyika na mabango yakachapishwa, lakini ukaguzi ulikwama wiki kadhaa kwa sababu ambayo ni aibu yangu mimi: pikipiki ya bwana afya ilikuwepo, ila katika waraka wangu wote sikuandika mahali popote neno mafuta. Waraka wa Agosti hii nimeshauchapa, na mafuta yako katika mstari wa kwanza.