Sare za Januari

Kituo chenyewe, cha kulelea watoto yatima, sitakitaja kwa jina, kwa ajili ya watoto. Kiko upande wa Huye, kusini mwa Rwanda, mji ambao wazee bado wanauita Butare. Mama yangu mdogo aliolewa huko na kwa miaka mingi alikuwa mpishi wa kituo hicho. Mwisho wa mwaka 2014 aliniita niende na cherehani yangu ya mkono. Shule zilikuwa zinafunguliwa Januari, vitambaa vya sare vilikuwepo, fundi hakuna. Nikapanda gari kwetu Ngara, upande wa Tanzania, nikavuka mto Kagera pale Rusumo, na jioni nilikuwa jikoni kwa mama mdogo nachambua maharage.

Sisi Wahangaza, watu wa Ngara, hatupati taabu ya lugha kule. Kihangaza na Kinyarwanda vinasikilizana. Watoto waliicheka lafudhi yangu, kisha wakaanza kuniita Tantine, yaani shangazi kwa Kifaransa, kama walivyowaita walezi wao wote. Nilishona barazani huku wao wakipiga soga pembeni yangu, na mengi niliyajua kwa kusikiliza tu.

Yatima wa Rwanda niliwaona kwanza kwetu Ngara. Mwisho wa Aprili 1994 nilikuwa shule ya msingi, watu wapatao 250,000 walipovuka Rusumo ndani ya takriban saa 24 na kuijaza kambi ya wakimbizi ya Benaco. Nakumbuka watoto wadogo waliopotezana na wazazi wao, wamekaa wanasubiri mtu awatambue. Ndani ya Rwanda nako, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, vituo vilifurika. Lakini watoto wa wakati ule walishakuwa watu wazima. Hawa niliokuwa nawapima mabega walizaliwa baadaye kabisa, na wengi wao walikuwa na mtu wao mahali. Mama alifariki akijifungua, baba akashindwa kulea kichanga. Bibi alizeeka. Shangazi ana shamba dogo na watoto wake watano. Umaskini ndio uliowaleta pale, na sahani ya chakula na ada ya shule ndivyo vilivyowabakiza.

Rwanda wakati ule sare za shule ya msingi zilikuwa gauni la bluu kwa wasichana, kaki kwa wavulana. Nilipopewa zile za zamani niige vipimo, nilikuta kila kola ina namba iliyoandikwa kwa wino. Nikamuuliza mama mdogo namba ni ya nani. Akasema si ya mtoto, ni ya saizi. Nguo zinafuliwa pamoja, zinaanikwa kamba moja, na asubuhi kila mtoto anapewa inayomtosha. Hakuna aliyekuwa na nguo yake. Hilo lilinikaa moyoni kuliko yote niliyoyaona pale.

Nikaamua kila sare niitarizi alama ndani ya kola, na mwenye nguo achague mwenyewe. Kazi ilichelewa, lakini sikujali. Walikuja mmoja mmoja na maombi yao: nyota, samaki, herufi, baiskeli (baiskeli ilinitesa). Kuna mvulana wa miaka kama minane aliyesimama mbele yangu muda mrefu bila kuchagua. Mwishowe akauliza kama akihama ataondoka na hiyo kaptula. Nikamwambia ni yake, ataondoka nayo. Basi akaomba uzi wa njano, mstari tu, na akanisihi nikunje pindo pana chini, kwa sababu kwa shangazi yake hakuna fundi na yeye atarefuka. Nilikunja vidole vinne.

Ni kweli alikuwa anahama. Mwaka 2012 serikali ya Rwanda iliamua kuvifunga vituo hatua kwa hatua, wakati vikiwa na watoto zaidi ya 3,000, na mwaka 2013 ikaja programu ya Tubarerere mu Muryango, yaani tuwalee katika familia. Maafisa ustawi wa jamii walizunguka vijijini kuwatafuta ndugu, na pasipo na ndugu wakatafuta familia za kulea. Haikuwa kumbeba mtoto na kumtua mlangoni. Shangazi alikuja kwanza kutembelea. Mara ya kwanza mvulana wetu alijificha nyuma ya pipa la maji, shangazi akabaki na kikapu chake cha viazi vitamu mapajani. Mara nyingine alitoka, akala kiazi bila kusema neno. Baadaye akaenda kulala kwao, akarudi, akaenda tena.

Katikati ya hayo walikuja wageni wa gari, watu wema, na pipi. Watoto wakapangwa uani, wakaimba, wakakumbatiwa, wakapigwa picha. Vidogo vya miaka mitatu viliwakimbilia watu visiowajua na kuwashika miguu. Wageni walifurahi sana. Mimi roho iliniuma, maana mtoto wa miaka mitatu aliyelelewa na watu wake humwogopa mgeni kwanza. Moshi na Arusha haya yapo pia, na kijana anayesafiri ng'ambo au hapa jirani kwa nia njema namsihi: kama huwezi kukaa, usiwazoeze watoto mapaja yako. Wasaidie walezi. Fua, pika, shona, lipa ada ya mtoto aliye nyumbani kwa bibi yake. Mama mdogo alikuwa na mkono mmoja jikoni na mwingine mgongoni kwa mtoto, na hakuna mgeni aliyewahi kumpokea hata sufuria.

Sikubaliani na kila kitu, hata hivyo. Palikuwa na binti aliyeingia pale akiwa mdogo sana, na mwaka uliokuwa unaanza alikuwa anajiandaa na mtihani wa mwaka wa tatu wa sekondari. Familia iliyopatikana kumpokea ilikuwa mbali na shule yake na mbali na wasichana aliowaita dada zake. Aliniuliza kwa nini aitwe nyumbani sasa, wakati nyumbani hawakumtafuta alipokuwa mchanga. Kwa mvulana wa uzi wa njano naamini walifanya sawasawa. Kwa binti yule, walipaswa kusubiri amalize mtihani wake, na afisa aliyekuja kumsajili nilimwambia hivyo hivyo, kwa Kihangaza changu.