Jinsi nilivyoikwamua hadithi yangu ya kutisha

Wiki tatu nilikodolea macho ukurasa mtupu. Kila jini niliyemwandika alikuwa na meno marefu na macho mekundu, na hakumtisha hata mtoto. Nikaachana na majini, nikamuuliza bibi habari za Popobawa, yule shetani aliyesemekana kuwavamia watu usiku majumbani mwao, ule mwaka 1995 kule Unguja na Pemba. Sura yake wala hakuigusa. Alichokumbuka ni watu wazima kulala nje, mikeka imebanana, moto umekokwa, na popo akipiga bawa mwembeni, wote kimya.

Hapo hapo nikapata! Jini nikamfuta kabisa, nikaanzia kwenye mkeka mmoja uliokutwa mtupu alfajiri. Kurasa sita usiku mmoja. Jalada nikalichora kwa kipande cha mkaa: mikeka tu, na kivuli cha mwembe.