Little Steeping, kijiji cha Askofu Steere

Little Steeping ni kijiji cha Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza, alikofanya kazi Edward Steere kabla hajawa askofu Unguja. Treni za Skegness, mji wa pwani, ndizo zinazokupeleka, ila jihadhari na kituo cha kushukia. Kutoka King's Cross, London, unabadilisha Grantham, unapita Boston. Thorpe Culvert ndicho kilicho karibu zaidi, lakini treni chache mno husimama hapo. Yangu ilikipita, ikanitua Wainfleet. Tiketi ya kukata siku hiyohiyo ni wizi wa mchana: ikate wiki kadhaa kabla. Basi nalo ni la kuagiza mapema kwa simu. Usipoagiza, ni miguu yako, saa mbili hivi kwenye barabara nyembamba. Kaa upande wa kulia uyaone magari yanayokujia, maana Waingereza huendesha kushoto kama sisi.

Kanisa la Mtakatifu Andrea ni la jiwe la mchanga la Spilsby, lenye rangi ya kijani. Pitisha kiganja ukutani, punje zinabaki mkononi. Jiwe hili hunywa maji. Yakiganda wakati wa baridi hutanuka, uso wake unabanduka. Ndiyo maana makanisa mengi ya upande huu yana viraka. Na siku isiyo ya ibada uliza kwanza ufunguo uko kwa nani. Kasisi mmoja huhudumia vijiji kadhaa.

Steere alikuwa kasisi wa kanisa hili. Mwaka 1863 alimsindikiza rafiki yake Tozer, kasisi wa Burgh le Marsh, kijiji jirani, aliyefanywa askofu wa misheni, kwa nia ya kukaa Afrika mwaka mmoja au miwili. Akarudi 1868, na kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kikatoka 1870 akiwa bado na kazi ya huku, kwenye mashamba na mitaro. Mwaka 1872 akaondoka tena. Kaburi lake liko nyuma ya madhabahu ya kanisa kuu la Kianglikana alilolijenga Mkunazini, Unguja.

Kanisa lilipokarabatiwa kwa kumbukumbu yake, mafundi waling'oa ngazi moja karibu na madhabahu. Upande wake wa chini ulikuwa na uso wa mtu: sanamu ya Thomas de Reding, kasisi wa karne ya 14, aliyelazwa kifudifudi akakanyagwa miaka na miaka. Sasa analala chali. Mkunazini nako waongoza watalii hukuonyesha nguzo zilizosimamishwa kichwa chini Steere akiwa safarini. Zile hazikugeuzwa.